SARATANI YA PURU: JE, KISU NI LAZIMA?



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao watu wengi huona aibu kuutaja. Ugonjwa huo ni saratani ya puru. Wengine husema kansa. Saratani na kansa ni kitu kimoja.

Aibu hiyo imewamaliza watu wengi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi sisi hatutaficha. Tutataja kila kitu kwa heshima, lakini tutakitaja.

Huenda umesikia watu wakisema hivi: "Siku hizi saratani ya huko chini inapona bila kisu." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini ni nusu ya ukweli. Mtu akishika nusu hiyo tu, anaweza kupoteza maisha yake. Kwa hiyo tusome polepole, tuelewe ukweli wote.

PURU NI NINI?

Chakula tunachokula hupita tumboni, kisha huingia katika utumbo mwembamba, halafu katika utumbo mpana. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huitwa puru. Urefu wake ni kama sentimita 15, yaani nusu ya rula ya mwanafunzi. Kazi ya puru ni kutunza kinyesi mpaka mtu afike chooni. Mwisho wake kuna misuli inayofunga na kufungua, kama mdomo wa mfuko wa kamba.

Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaana kwa utaratibu. Zikianza kuzaana ovyo bila kusikia amri ya mwili, hufanya uvimbe. Uvimbe wa namna hiyo ukianza kupenya na kusambaa, ndiyo saratani.

Dalili za saratani ya puru ni hizi:

- Damu katika kinyesi.
- Kwenda chooni mara kwa mara, na kila mara kuona kama hujamaliza.
- Kinyesi kuwa chembamba kuliko kawaida, au choo kubadilika kwa wiki nyingi.
- Kupungua uzito na kuchoka bila sababu.

Sasa, tusitishane. Si kila damu ni saratani. Bawasiri hutoa damu. Kuhara damu hutoa damu. Hata kichocho cha tumbo hutoa damu. Lakini hakuna mtu anayeweza kutofautisha haya kwa kubahatisha. Lazima mganga wa zahanati au daktari apime. Kipimo cha kwanza ni kidole chenye glavu. Hakina gharama kubwa, nacho huchukua dakika moja.

ZAMANI ILIKUWA KISU TU

Kwa miaka mingi tiba ya ugonjwa huu ilikuwa upasuaji. Mwaka 1908 daktari mpasuaji wa London, William Ernest Miles, alieleza namna ya kuondoa puru yote pamoja na njia ya haja kubwa. Mgonjwa alitobolewa tundu tumboni. Kinyesi kilitoka hapo na kuingia katika mfuko, maisha yake yote. Baadaye, mwaka 1982, Mwingereza mwingine, daktari Bill Heald, alieleza namna ya kukata kwa uangalifu zaidi. Alitoa puru pamoja na mafuta yanayoizunguka, kama kifurushi kimoja. Njia hiyo ilipunguza sana ugonjwa kurudi pale pale ulipokuwa.

Upasuaji huo umeokoa watu wengi, na mpaka leo unaokoa. Hatutaki mtu auchukie. Lakini una gharama yake kwa mwili. Wengine hubaki na mfuko tumboni. Wengine huunganishwa utumbo, lakini hukimbilia chooni mara nyingi kwa siku. Mishipa ya fahamu iliyo karibu na puru ikiumia, mkojo husumbua na mambo ya unyumba hulegea. Kwa mkulima anayeshinda shambani, au mama anayeuza sokoni, hayo si mambo madogo.

MABINGWA WALIGUNDUA NINI?

Mwaka 1974, katika mji wa Detroit, Marekani, daktari Norman Nigro alieleza habari za wagonjwa 3. Hawa walikuwa na saratani ya njia ya haja kubwa yenyewe, jirani na puru. Aliwapa dawa za saratani pamoja na mionzi kabla ya kuwapasua. Wawili walipasuliwa. Sehemu iliyokatwa ilipopimwa, saratani haikuonekana. Yule wa tatu alikataa kupasuliwa, naye uvimbe wake ulikuwa umetoweka.

Jambo hili lilifikirisha watu. Mmoja wao alikuwa mama mmoja wa Brazili, daktari Angelita Habr-Gama wa mji wa São Paulo. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kufunzwa upasuaji katika hospitali kubwa ya chuo kikuu cha mji ule. Kazi yake ilikuwa kukata. Lakini aliona kwamba wagonjwa wengine wa saratani ya puru, baada ya dawa na mionzi, hukatwa puru na ndani yake haikutwi saratani. Akajiuliza: kwa nini tumkate mtu kitu ambacho hakina ugonjwa tena?

Kuanzia mwaka 1991 alianza kufanya hivi. Mgonjwa akimaliza dawa na mionzi, anangoja angalau wiki 8. Kisha anapimwa kwa makini. Uvimbe ukiwapo, anapasuliwa. Uvimbe usipoonekana kabisa, hapasuliwi, bali anaitwa kupimwa mara kwa mara.

Mwaka 2004 aliandika matokeo yake. Kati ya wagonjwa 265, wagonjwa 71 hawakuonekana na uvimbe tena, wakaachwa bila kupasuliwa. Hao ni zaidi kidogo ya robo. Madaktari wengi wa nchi nyingine hawakukubali upesi. Walisema ni hatari. Walikuwa na haki ya kuuliza, maana uhai wa mtu si wa kuchezea. Lakini baadaye Waholanzi, Waingereza, Wamarekani na wengine walijaribu wenyewe, wakaona kwamba yule mama hakukosea.

TIBA YENYEWE INAKWENDAJE?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakisikia "bila kisu" wanadhani ni tiba nyepesi. Sivyo.

Kwanza ni mionzi. Mashine hutuma mionzi mpaka kwenye uvimbe. Mgonjwa haoni kitu wala hasikii maumivu wakati ule. Njia moja ni kupigwa mionzi siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 au zaidi kidogo, huku akimeza vidonge au kuwekewa dripu ya dawa ya saratani. Njia nyingine ni mionzi yenye nguvu zaidi kwa siku 5 tu.

Pili ni dawa za saratani peke yake, kwa muda wa miezi 3 au 4 hivi. Wengine hupewa dawa hizi kabla ya mionzi, wengine baada yake.

Mionzi huharibu uzi wa urithi ulio ndani ya chembe. Chembe nzima ya mwili hujua kujitengeneza tena. Chembe ya saratani haijui vizuri, kwa hiyo hufa. Lakini haifi siku ile ile. Kama gugu lililong'olewa, huchukua muda kunyauka. Ndiyo maana daktari hungoja wiki kadhaa kabla ya kuamua kama tiba imefaulu.

Tiba hii ina adha zake. Mtu huchoka. Huharisha. Ngozi ya sehemu za chini huwaka kama imeungua. Dawa nyingine huleta kichefuchefu, ganzi ya vidole, na mchomo mtu akishika kitu cha baridi. Kwa mwanamke ambaye bado anazaa, mionzi ya nyonga inaweza kukatisha hedhi na uzazi. Mwanamume naye anaweza kupungukiwa nguvu. Basi kijana anayetaka watoto amwambie daktari mapema, kabla ya kuanza. Asione haya.

WANGAPI WANAFANIKIWA?

Tusidanganyane. Si wote.

Huko Marekani mabingwa waliwachunguza wagonjwa 324, na mwaka 2022 wakatoa matokeo. Wote walipewa mionzi na dawa. Baada ya miaka 3, karibu nusu yao walikuwa bado na puru zao. Waliotanguliza mionzi na kumalizia kwa dawa walifanikiwa zaidi: 53 katika kila 100. Waliotanguliza dawa walikuwa 41 katika kila 100.

Tena, hata yule ambaye uvimbe wake umetoweka, ugonjwa unaweza kuchipua. Mwaka 2018 zilitolewa habari za wagonjwa 880 kutoka nchi 15. Wote uvimbe wao ulikuwa umetoweka. Katika miaka 2, kama 25 katika kila 100 uliwachipukia tena. Karibu wote ulichipukia katika ukuta wa puru, mahali ambapo kidole au kamera inaweza kufika. Na wengi sana ulichipua ndani ya miaka 2 ya kwanza. Lakini wagonjwa 8 katika kila 100 walipata saratani iliyosambaa mbali, kama kwenye ini au mapafu.

Uvimbe uliochipua ukikamatwa mapema, mara nyingi mgonjwa hupasuliwa na kutibika. Ukiachwa, hukua na kusambaa.

KUNGOJA SI KULALA

Njia hii tunaweza kuiita kungoja kwa uangalizi. Maneno yote mawili ni ya lazima: kungoja, na uangalizi. Ukiondoa uangalizi, kinachobaki ni kutoroka hospitali.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mkulima. Huu ni mfano tu, lakini mambo yake ndiyo yanayotokea. Mzee huyu alimaliza mionzi na dawa. Alipopimwa, uvimbe haukuonekana. Pale ulipokuwa palibaki kovu jeupe tu. Akazungumza na daktari wake:

"Daktari, umesema uvimbe haupo. Basi narudi kulima, au vipi?"

"Utarudi kulima, mzee wangu. Lakini baada ya miezi 3 nataka kukuona hapa."

"Hata kama siumwi?"

"Hata kama huumwi. Ugonjwa huu ukirudi, mwanzoni hauumi. Ukingoja maumivu, utakuwa umechelewa."

"Na nauli je? Na shamba?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana nakuuliza mapema. Kama huwezi kuja, niambie kweli, tukupasue sasa. Kukupasua ni salama zaidi kuliko kukuacha bila kukuona."

Mzee akanyamaza, akafikiri. Kisha akasema, "Nitakuja."

Alipofika nyumbani alikaa na mkewe na binti yake. Binti aliandika tarehe zote katika daftari. Wakakubaliana kutenga fedha ya nauli kila wanapouza mazao, kabla ya kununua kitu kingine.

Mara mbili za kwanza mzee alikwenda, hakukutwa na kitu. Mara ya tatu ilikuwa wakati wa mavuno. Mzee akasema, "Mimi nina nguvu kama kijana. Safari hii naacha." Binti yake akafungua daftari, akasema, "Baba, tarehe ni Jumatatu. Mahindi tutavuna sisi. Wewe nenda."

Mzee akaenda huku ananung'unika. Daktari akapima kwa kidole, akagusa kijipu kidogo kama punje ya mtama. Saratani ilikuwa imechipua. Mzee akapasuliwa, na sasa ana mfuko tumboni. Je, tuseme alipoteza bure ule mwaka? Hapana. Alikuwa na nafasi ya kubaki mzima, akaijaribu. Ilipokosekana, kisu kilikuwa bado kinaweza kumsaidia, kwa kuwa alikwenda siku iliyopangwa. Kama angengoja mavuno yaishe, kisha harusi, kisha mvua, huenda hadithi yake ingekuwa nyingine.

MPANGO WA KUANGALIWA

Hospitali hutofautiana kidogo, lakini mpango wa kawaida ni huu:

1. Miaka 2 ya kwanza: kupimwa kila baada ya miezi 3 au 4.
2. Kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 5: kila baada ya miezi 6.
3. Kila safari: kidole, na mpira mwembamba wenye taa na kamera unaoingizwa katika puru.
4. Kwa vipindi: picha ya nyonga kwa mashine ya sumaku, picha za kifua na tumbo, na kipimo cha damu.

Ukihesabu, unaona ni safari kama 12 au zaidi katika miaka 5. Asiyeweza safari hizo, au aliye mbali na hospitali yenye kamera na mashine hizo, kisu kinaweza kuwa rafiki yake. Hakuna aibu katika hilo. Pia yule ambaye uvimbe wake umepungua tu bila kutoweka, kwa kawaida hushauriwa apasuliwe. Kupungua siyo kutoweka.

IPO PIA DAWA MPYA

Mwaka 2022 mabingwa wa New York walieleza wagonjwa 12 wa saratani ya puru waliotibiwa kwa dripu ya dawa iitwayo dostarlimabu. Dawa hii huamsha askari wa mwili ili wapigane na saratani. Wote 12 uvimbe ulitoweka bila mionzi wala kisu. Mwaka 2025 idadi ya waliomaliza tiba hiyo ilifika 49, na wote uvimbe ulitoweka.

Ni habari njema. Lakini dawa hiyo hufaa aina moja tu ya uvimbe, ambayo hupatikana kwa watu wachache: kama 5 hadi 10 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya puru. Uvimbe lazima upimwe kwanza. Tena bei yake ni kubwa mno.

SISI TUFANYE NINI?

Hapa Tanzania tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mgonjwa huanzia zahanati, akapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya au mkoa, na kutoka hapo huelekezwa mbele. Usiruke ngazi, lakini pia usikubali kukwama ngazi ya chini miezi mingi ukipewa dawa ya bawasiri tu huku damu inaendelea. Uliza. Sema, "Naomba nipimwe."

Kama wewe au ndugu yako mmeambiwa mna ugonjwa huu, mwulizeni daktari maswali haya:

- Saratani imefika wapi? Imesambaa?
- Je, mionzi na dawa vitatangulia kabla ya upasuaji?
- Uvimbe ukitoweka, hospitali hii ina vifaa vya kuniangalia bila kunipasua?
- Nije lini, na nani nimwone nikikosa nafasi?

Yaandikeni majibu. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, hii ndiyo moja ya faida zake. Daftari lenye tarehe ni sehemu ya tiba, sawa na vidonge.

Na ukisikia mtu anasema saratani inapona bila kisu, usimkatalie wala usimkubalie haraka. Mwambie hivi: kwa wengine inawezekana, baada ya mionzi na dawa, na kwa kupimwa miaka 5 bila kukosa. Asiyekwenda kupimwa hajapona. Amejificha tu, na ugonjwa unajua anapokaa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja dalili 3 za saratani ya puru. Kwa nini watu huzificha?
2. Kwa nini daktari hungoja wiki kadhaa baada ya mionzi kabla ya kupima?
3. Kuna tofauti gani kati ya kungoja kwa uangalizi na kutoroka hospitali?
4. Mzee wa mfano wetu alisaidiwa na nani, na kwa njia gani?
5. Jirani yako akitakiwa kwenda hospitali kila baada ya miezi 3, kijiji chenu kinaweza kumsaidiaje kwa nauli na kazi za shamba?